Ushuru wa ardhi usikutie baridi, wewe mpangaji

Kila kaunti ikitaja kuongeza ushuru wa ardhi, zile reti za kila mwaka, kuna maneno yanayosambaa haraka kuliko matatu za Rongai: "Mzigo utamwangukia mpangaji." Wewe wa bedsita pale Roysambu unashika mfuko na kuanza kumtetea landilodi bure. Hebu tulia tupige hesabu. Mimi chuo sikumaliza, lakini hii haihitaji digrii.

Landilodi hakuulizi unapata ngapi wala hakwambii anatumia ngapi. Anaangalia foleni ya wanaotaka hiyo keja. Kama angeweza kuongeza elfu moja leo na nyumba isibaki tupu, angeongeza jana. Hangoji kaunti imruhusu.

Ushahidi upo. Januari 2024 ushuru wa mapato ya nyumba za kupangisha ulishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5. Je, landilodi wako alikupigia simu kukupunguzia? Basi.

Sasa njoo kwenye bei ya ploti. Chukua ploti ya milioni 5. Nairobi, kwa kiwango cha asilimia 0.115 ya thamani ya ardhi, inalipiwa Sh5,750 kwa mwaka. Hiyo haifiki hata Sh500 kwa mwezi! Kiwango kikiwa asilimia 1, itakuwa Sh50,000 kila mwaka. Mnunuzi mwerevu atajua kwamba kwa miaka 20 atatoa milioni nzima, kwa hivyo atataka kupunguziwa. Muuzaji naye hana pa kukimbilia, maana ploti haibebwi kupelekwa Machakos. Bei inashuka.

Ushuru ukiwa mdogo, kuikalia ardhi hakuumi. Kwa miongo kadhaa Nairobi ilitoza kwa thamani za mwaka wa 1980, kabla wengi wetu hatujazaliwa! Ploti ikipanda bei kila mwaka na kulipiwa ushuru wa kizamani, kwa nini mtu aiuze au aijenge? Anaweka ua na bango la "haliuzwi", halafu anangoja. Sisi tunazidi kusukumwa Juja na Kitengela.

Lakini usinisome nusu. Ninasema ushuru wa ardhi, si wa jengo. Ukitoza jengo, unamwadhibu aliyejenga. Watu watajenga kidogo, nyumba zitakuwa chache na hapo kweli rent itapanda. Ploti tupu na ploti yenye ghorofa zikiwa mtaa mmoja na ukubwa sawa, zilipe sawa.

Na kuna watakaoumia. Fikiria mama mstaafu wa Buruburu, nyumba ni yake ila pensheni ni kiduchu. Huyo aruhusiwe deni lisubiri hadi nyumba iuzwe au irithiwe. Aliyenunua kwa mkopo juzi naye hatafurahia bei kushuka, kwa hivyo kiwango kipande polepole. Na kaunti isitoze kisha tuendelee kuruka majitaka.

Katiba inaipa kaunti mamlaka ya kutoza ushuru huu, na inakupa wewe nafasi ya kutoa maoni kabla haujapitishwa. Wenye ploti huwa hawakosi vikao hivyo. Siku ikifika, enda na swali moja: ploti tupu za mtaa wetu zinalipa ngapi?