Habari ya Afya Iwe na Mwenyewe

Machi 2020, siku chache baada ya Waziri wa Afya Mutahi Kagwe kutangaza tarehe 13 kwamba korona imeingia Kenya, watu katika sehemu mbalimbali za nchi waliamshana usiku kwa simu. Uvumi ulidai kwamba mtoto mchanga amezungumza, akasema chai ya strungi ndiyo kinga. Meko yakawashwa, sufuria zikainjikwa. Kulipokucha, hapakuwa na wa kuulizwa mtoto huyo alizaliwa wapi, wala nani alimsikia.

Waliopiga simu hizo hawakuwa wajinga. Waliwapenda jamaa zao, wakahofu kuwaficha jambo. Aliyepokea naye alimwamini dada au mjomba aliyempigia. Hapo ndipo penye hatari: tunampima mleta habari, tunasahau kumtafuta mwenye habari.

Wala cheo hakitoshi. Aprili mwaka huo, aliyekuwa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alisema vifurushi vya chakula vya maskini vitakuwa na chupa ndogo za Hennessy za kusafishia koo. Kampuni yenyewe ya Hennessy ikajitokeza kueleza kwamba pombe haimkingi mtu na virusi hivyo.

Kuna jambo jingine lililotuyumbisha. Kenya ililazimisha barakoa hadharani Aprili 2020, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado halijawashauri watu wote wazivae. Tarehe 5 Juni likabadilisha ushauri wake. Wengi walisema, "Si mnaona? Hata wao hawajui." Mimi nasema kinyume chake. Ushauri uliotolewa kwa jina, ukabadilishwa kwa jina na sababu ikaelezwa, ndio unaostahili kusikilizwa. Ujumbe wa WhatsApp unaozungushwa kutoka kundi hadi kundi haujisahihishi kamwe. Unabaki vilevile hata ukishaua.

Sisi wa Machakos tunajua gharama ya habari ya afya kuchelewa. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Macho ya watu yakageuka manjano, matumbo yakajaa. Walirekodiwa wagonjwa 317, wengi wao kutoka wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na wagonjwa 125 wakafa. Sumu hii haiishi kwa kuchemsha, na punje yaweza kuonekana safi ilhali imo. Mama mwenye debe moja la mwisho akiambiwa alimwage, ana haki ya kuuliza kwa nini, na watoto watakula nini. Ndiyo sababu serikali ililazimika kugawa chakula kingine pamoja na onyo. Anayetoa ushauri lazima awe tayari kujibu maswali hayo yote mawili.

Basi hoja ya toleo hili ni moja: kuijua afya si kukariri majina ya magonjwa, ni kujua nani wa kuulizwa na kumuuliza bila woga. Nani amesema? Amejuaje? Ikibainika amekosea, atarudi kusema? Habari isiyo na mtu wa kujibu maswali haya haifai kupita mlangoni, hata kama imeletwa na mtu umpendaye.

Lakini haki ya kuuliza haina maana pasipo anayejibu. Wakati wa korona palikuwa na laini ya simu ya 719 ya kuulizia. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini mikoba ya vifaa na simu za kazi. Kaunti yetu iwatumie hata pasipo na mlipuko: wawe na nafasi katika baraza la chifu, wapokee maswali, wayafikishe kwa wataalamu wa hospitali ya Machakos Level 5, kisha majibu yatangazwe kwa Kikamba na Kiswahili redioni. Jibu likibadilika, litangazwe tena, mahali palepale na kwa sauti ileile. Imani hujengwa siku za amani. Ugonjwa ukishabisha hodi, hakuna muda wa kuijenga.

Nawe msomaji una sehemu yako. Ukipokea ujumbe wa tiba leo jioni, mpigie aliyekutumia umuulize alikoupata. Mkishindwa wote wawili kumpata mwenye habari, uachieni hapo, kisha kamuulizeni mhudumu wa afya wa kijiji chenu.