Kabla ya kununua mashine ya kusafisha hewa, mwulize anayepika

Mjomba wangu mmoja, mfanyabiashara wa dagaa mjini Musoma, amejenga nyumba nzuri kule Bweri: bati la rangi, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini. Hivi karibuni alinipigia simu akitaka ushauri. Kijana wake aliyeko Dar es Salaam alikuwa amemtumia picha ya mashine ya kusafisha hewa ya nyumba nzima, ambayo bei yake haipungui ng'ombe wawili wazuri mnadani. Tangu wahamie nyumba mpya, alisema, mkewe anakohoa kila asubuhi na wajukuu macho hayawakauki machozi.

Nilimwuliza mama anapikia nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mkaa, na siku za mvua jiko linaingizwa koridoni. Nikamwambia ng'ombe wake wawili wabaki zizini kwanza.

Ndugu msomaji, mashine hizo si utapeli. Ndani yake mna feni inayovuta hewa na kuipitisha kwenye kichujio, na vichujio bora, vile vinavyoitwa HEPA, hunasa zaidi ya asilimia 99 ya chembe ndogo mno za vumbi na moshi. Huko Marekani, ambako nyumba nyingi hufungwa madirisha na hewa ya joto au ya baridi husambazwa vyumbani kwa mabomba, kifaa kimoja kikifungwa kwenye bomba kuu kinahudumia nyumba nzima. Nyumba ya mjomba haina mabomba hayo, na mlango wake unafunguliwa alfajiri na kufungwa saa tatu usiku. Isitoshe, kichujio cha chembe hakizuii kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la mkaa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu waliofunga mlango na kulala na jiko ndani. Kwa hiyo mjomba angelipia umeme wa LUKU usiku na mchana, angenunua vichujio vipya kila mara kwa sababu ya masizi, na hatari kubwa kuliko zote ingebaki palepale.

Wazee wetu kule Butiama walipika ndani ya nyumba ya nyasi, na moshi ulipenya kwenye paa polepole. Haukuwa moshi wa bure, maana ulifukuza wadudu na kuhifadhi mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya mafiga. (Anayehamisha mafiga leo akumbuke kutafuta namna nyingine ya kuhifadhi mbegu, asije akawalaumu wataalamu bungua wakishamaliza kazi.) Tulipoingia kwenye bati na dari tuliziba njia ya moshi, lakini moto tukaendelea nao uleule.

Madhara yake yanajulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya 237,000. Hapa kwetu Serikali ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo ni zuri. Mimi kama mchumi kilimo swali langu ni dogo zaidi: katika kaya ya Bunda yenye ekari tatu za pamba na mahindi, nani anatoa fedha ya jiko, na nani anavuta moshi? Mara nyingi si mtu mmoja. Fedha ya pamba na ya ng'ombe inashikwa na baba. Kuni zinaletwa na mama na mabinti, na kwa kuwa hakuna anayewalipa, kwenye hesabu ya baba kuni ni za bure. Mzigo wa kuni unaochukua nusu siku wakati wa palizi ni nusu siku ya palizi iliyopotea. Weka hapo ujira ambao ungemlipa kibarua kwa nusu siku hiyo, ndipo utaona bei ya kuni.

Mjini hesabu ni rahisi kidogo kwa sababu mkaa unanunuliwa. Chukua mfano wa kaya inayotumia makopo mawili kwa siku, kopo shilingi 1,000. Kwa mwezi ni shilingi 60,000. Kaya hiyohiyo ikitumia mtungi wa gesi wa kilo 6 unaojazwa kwa shilingi 24,000 na kumalizika kwa wiki mbili, kwa mwezi inatumia kama shilingi 50,000. Weka bei za mtaani kwako, lakini mara nyingi utakuta gesi haiuzidi mkaa kwa mbali, na wakati mwingine iko chini. Kwa nini basi akina mama wa Nyasho na Mwigobero wanaendelea na kopo? Kwa sababu kopo linafuata mfuko. Ukiuza samaki wa shilingi 5,000 leo, unatoa 1,000 ya mkaa na siku inakwisha. Mtungi unadai 24,000 kwa mkupuo, na una tabia ya kuisha siku ambayo ada ya shule nayo inadaiwa. Hilo si suala la elimu, kama tunavyopenda kusema kwenye semina. Ni suala la mtaji wa mzunguko. Vikundi vya upatu vinavyonunulia wanachama vyombo na vitenge vinaweza kujaza mitungi kwa zamu, kila mmoja akiweka 2,000 kwa siku.

Kuna lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Ugali wetu wa mhogo na mtama, wa kulisha watu kumi, unasongwa kwa nguvu za mabega. Sufuria hiyo juu ya kichomeo kidogo cha mtungi wa kilo 6 inayumba, na mama mwenye akili timamu atarudi kwenye mafiga. Mwenye familia kubwa anunue jiko la plati mbili la kuweka chini au mezani, na mtungi wa kilo 15 ukae pembeni mahali penye hewa. Maharage na makande, yanayokula gesi kwa saa nyingi, yapikwe kwa presha kuka ya umeme kama nyumba ina LUKU. Sufuria moja ya maharage kwa kawaida haimalizi hata uniti moja.

Vijijini shida ni umbali. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, na nimeona watu wakiipokea kwa furaha. Mtungi wa kwanza si kazi. Kazi ni ujazo wa pili, pale ambapo mtu wa kijiji cha ndani Butiama inambidi apande bodaboda hadi Musoma au Kiabakari, na nauli ikaongeza bei ya gesi. Maoni yangu ni kwamba ruzuku ingefaa zaidi kama sehemu yake ingemfikia mwenye duka la kijijini, apate mkopo nafuu wa mitungi kumi au kumi na tano ya kubadilishana. Wewe mwenye duka unayesoma ukurasa huu, usingoje ruzuku. Hesabu wateja ambao tayari wana mtungi mtupu uvunguni.

Mwenye ng'ombe ana njia nyingine. Ng'ombe wawili watatu wanaolala zizini wanaweza kuendesha mtambo mdogo wa gesi ya samadi, na tope linalotoka ni mbolea nzuri kwa migomba na mboga. Mpango wa taifa ulioanza mwaka 2009 chini ya CAMARTEC ya Arusha ulijenga maelfu ya mitambo ya namna hiyo nchini. Lakini samadi huchanganywa na maji karibu kipimo kwa kipimo, kila siku. Anayechota maji mbali wakati wa kiangazi, au ambaye mifugo yake inalala malishoni, asidanganywe: atabaki na shimo la gharama.

Na majiko banifu? Yanaokoa kuni, hilo halina ubishi. Kuhusu afya nina tahadhari. Utafiti mkubwa uliofanyika Malawi kwa watoto zaidi ya 10,000, uliotangazwa mwaka 2016, haukuona majiko bora ya kuni yakipunguza nimonia. Hata gesi, ilipojaribiwa katika nchi nne ikiwamo Rwanda, ilishusha sana moshi waliovuta akina mama, lakini nimonia kali kwa wachanga haikupungua kama ilivyotarajiwa. Kwa hiyo simuuzii mtu gesi kama dawa. Moshi wa jirani, takataka zinazochomwa uani na sigara ya baba navyo vinaingia kifuani. Ninachoweza kutetea ni macho yasiyowasha, kuta zisizo na masizi, na nusu siku za palizi zinazorudi shambani.

Mjomba alikubali kuuza ng'ombe mmoja badala ya wawili. Fundi ametoboa dirisha la pili jikoni, likitazamana na la kwanza, na mtungi wa kilo 15 umewekwa nje ya ukuta. Mkewe alikuwa na sharti moja tu, kwamba mtungi wa akiba ununuliwe siku hiyohiyo, kwa sababu, alisema, anamfahamu mumewe na anafahamu siku ambazo dagaa hawavuliwi.