Chanjo Hai na Watoto Waliozaliwa Bila Kinga: Ukweli Unaookoa Uhai

Kovu dogo la BCG, chanjo ya kifua kikuu, lililo mkononi mwa wengi wetu ni alama ya jamii iliyomjali mtoto mchanga. Chanjo hii, iliyotolewa kwa binadamu kwa mara ya kwanza jijini Paris mwaka 1921, ina bakteria hai waliodhoofishwa, ambao mwili wenye kinga timamu huwadhibiti. Lakini wapo watoto wachache wanaozaliwa na upungufu mkubwa wa kinga wa kurithi. Kwao, bakteria hao waweza kuenea mwilini na kuhatarisha maisha. Matone ya polio na chanjo ya rota nayo hayawafai, kwa kuwa yana virusi hai.

Nchini Marekani, takriban mtoto 1 kati ya 58,000 huzaliwa na aina kali ya tatizo hili. David Vetter wa Texas (1971–1984) aliishi karibu maisha yake yote ndani ya hifadhi ya plastiki isiyo na vijidudu; hata maji ya Ubatizo wake yalisafishwa vijidudu kwanza. Madaktari walijiandaa kabla hajazaliwa, kwa sababu kaka yake alikuwa amefariki akiwa mchanga kwa ugonjwa huohuo.

Hapo ndipo penye fundisho. Huko England, tangu Septemba 2021, watoto wanaohitaji BCG huipata kuanzia siku ya 28, ili majibu ya kipimo cha damu yatangulie. Kwetu Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu kingali kinaua, kuwacheleweshea watoto wote chanjo kungeleta madhara makubwa zaidi. Lakini swali moja halina gharama: je, familia hii imewahi kupoteza mtoto mchanga kwa maambukizi yasiyokoma? Mara nyingi kifo cha namna hiyo hufunikwa kwa aibu, au mama hutuhumiwa mkosi na uchawi. Ukimya huo waweza kumgharimu mtoto anayefuata, ilhali kupandikizwa uboho mapema, kabla ya maambukizi, huokoa walio wengi.

Basi, mtu asitumie habari hizi kukwepa chanjo. Mtoto asiyeweza kuchanjwa dhidi ya surua hulindwa na waliochanjwa wanaomzunguka. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Wazazi, semeni ukweli kliniki kabla ya sindano. Ndugu, msimnyoshee mama kidole. Nasi wachungaji, tuwe wa kwanza kumsikiliza.