Nahodha Aliyechaguliwa na Abiria

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakutuachia methali ya chombo chenye nahodha mmoja, aliyechaguliwa na abiria kwa haki, kisha mabaharia wakakataa kumvutia kamba. Kisa cha namna hiyo kilitokea Uingereza, katika chama cha Leba, baina ya mwaka 2015 na 2020, na athari zake hazijaisha. Nimeona tukizungumze hapa kwa sababu wengi wetu tuna jamaa kule, na kwa sababu mtu mwenyewe, Jeremy Corbyn, ametajwa sana barazani petu, aghalabu kwa sifa. Sifa si mbaya, lakini haimfahamishi mtu jambo lilivyokwenda.

Corbyn alizaliwa mwaka 1949, akaingia Bungeni mwaka 1983 kwa jimbo la Islington North, mjini London. Kwa miaka 32 alikaa viti vya nyuma, wala hakupata kuwa waziri hata siku moja. Alikuwa mfuasi wa Tony Benn, yule mzee wa siasa za kushoto aliyegombea unaibu wa kiongozi wa Leba mwaka 1981, akashindwa na Denis Healey kwa chini ya sehemu moja katika mia. Baada ya hapo upepo ulibadilika. Tony Blair alipokamata usukani mwaka 1994 alikielekeza chama kwa matajiri na watu wa wastani, na mwaka uliofuata akakifuta kifungu cha katiba kilichosema mali kubwa za nchi ziwe mikononi mwa umma. Chama kikashinda chaguzi tatu mfululizo. Corbyn akabaki ndani ya nyumba kama mgeni, akipiga kura kinyume cha chama chake mwenyewe mamia ya mara.

Katika kura hizo mna mbili zinazotugusa sisi watu wa mwambao. Ya kwanza ni ya vita vya Iraq. Mwezi Machi 2003, wabunge 139 wa Leba walimwasi Blair juu ya vita vile, na Corbyn alikuwa miongoni mwao, baada ya kuhutubia mwezi mmoja kabla yake yale maandamano makubwa ya London. Ya pili si kura hasa, ni kazi ya miaka: alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wabunge waliowatetea wenyeji wa visiwa vya Chagos. Visiwa hivyo vimo katika bahari yetu hii hii ya Hindi. Mwaka 1965 serikali ya Harold Wilson, nayo ni ya Leba, ilivitenga na Mauritius, kisha wenyeji wakahamishwa mpaka wa mwisho akaondoka mwaka 1973, ili Wamarekani wapate kambi yao Diego Garcia. Basi mtu anayemtetea mvuvi wa Chagos mbele ya chama kilichomhamisha, hapana ajabu akionekana mgeni kwao.

Sasa tutazame mlango ulivyofunguka. Mwezi Mei 2015 Leba ilishindwa vibaya, ikabaki na wabunge 232, na kiongozi wake Ed Miliband akajiuzulu. Mwaka mmoja kabla ya hapo chama kilikuwa kimebadilisha kanuni zake za kumchagua kiongozi. Zamani kura ziligawanywa mafungu matatu: wabunge fungu lao, wanachama lao, vyama vya wafanyakazi lao. Kanuni mpya ikasema kila mtu kura moja, mbunge na mchuuzi sawasawa, na hata asiye mwanachama akilipa pauni 3 na kujiandikisha kuwa mfuasi, atapiga kura. Shabaha ilikuwa kupunguza nguvu za vyama vya wafanyakazi, na watu wa mrengo wa kulia waliifurahia kanuni hii, kwani walidhani raia wa kawaida atakayekuja na pauni zake 3 atakuwa mtu wa kati na kati.

Walibakisha komeo moja. Mgombea lazima apate sahihi za wabunge 35. Corbyn hakuwa na marafiki 35 Bungeni. Siku ya mwisho, tarehe 15 Juni, zikiwa zimesalia dakika chache kufika saa sita za mchana, alizipata sahihi 36, na baadhi yake zilitoka kwa wabunge wasiotaka ashinde. Walimkopesha tu, wakisema mjadala upanuke. Mmoja wao, Margaret Beckett, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, aliulizwa baadaye kama waliomkopesha sahihi walikuwa wajinga. Akakiri kuwa na yeye ni mmoja wao.

Kilichofuata kiliwashangaza wote. Mwezi Julai serikali ya Wahafidhina ilileta mswada wa kupunguza misaada ya maskini. Wakuu wa Leba wakawaambia wabunge wao wasiupinge, wanyamaze. Wagombea wanne walikuwapo: Andy Burnham, Yvette Cooper, Liz Kendall na Corbyn. Watatu walitii, mmoja akaupinga. Kwa mwanachama wa kawaida aliyejiunga na chama cha maskini ili kuwatetea maskini, hapo hesabu ilikwisha. Tarehe 12 Septemba Corbyn alitangazwa mshindi kwa kura 251,417, yaani 59.5 katika kila mia. Aliyemfuata, Burnham, alipata 19.

Wapinzani wake walisema ushindi ule umenunuliwa kwa pauni 3. Hesabu hazisemi hivyo. Ni kweli kwamba wale wafuasi wa pauni 3 walimpa zaidi ya kura 80 katika kila mia walizopiga. Lakini hata wanachama kamili, wenye kadi na michango ya kila mwezi, walimpa karibu nusu ya kura zao dhidi ya watu watatu. Ushindi ulikuwa halali, na nionavyo mimi, kutokukubali jambo hili ndiko kulikozaa balaa lote lililofuata.

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Corbyn alipewa kiti, kamba asifunguliwe. Wabunge walisema: sisi nasi tumechaguliwa, tena na mamilioni ya wananchi, si na laki chache za wanachama, vipi tumfuate mtu tunayeamini hawezi kushinda? Wanachama wakajibu: nyinyi mmesimama kwa tiketi yetu, sisi ndio tubishao milango na kugawa karatasi mvuani; chama ni chetu. Kila upande ulikuwa na haki yake, na hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu leo. Chama kile kilikuwa na wenyewe wawili, na katiba haikusema wakikhitilafiana nani anyamaze.

Mfano wa wazi ni Hilary Benn, mtoto wa yule yule Tony Benn. Desemba 2015, akiwa msemaji wa Leba wa mambo ya nje, alisimama Bungeni kuunga mkono kupigwa mabomu Syria, na kiongozi wake Corbyn, mfuasi wa baba yake, ameketi karibu naye, naye anapinga. Mwaka 2016, Waingereza walipopiga kura ya kutoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 23 Juni, wabunge walimlaumu Corbyn kwamba alipigania kubaki kwa ulegevu. Siku tatu baadaye akamfukuza Hilary Benn, na wasemaji wengine wa chama wakajiuzulu mmoja baada ya mmoja. Tarehe 28 Juni wabunge 172 walisema hawana imani na kiongozi wao. 40 tu wakasimama naye. Hali ile naieleza kwa ubeti mmoja:

Abiria wamtaka, nahodha wa chombo chao,
Baharia kwa dhihaka, wazikunja kamba zao,
Tanga halikukunjuka, wabishana peke yao,
Bandari kitaifika, vipi chombo kama hicho?

Corbyn hakushuka. Ikabidi kura nyingine, na safari hii pauni 3 zikapandishwa kuwa 25. Septemba 2016 alimshinda Owen Smith kwa kura 313,209, zaidi ya zile za mwanzo. Wanachama wa Leba wakapita 500,000. Abiria walizidi, na mabaharia ni wale wale.

Juni 2017 ukaja uchaguzi mkuu wa ghafla. Wengi walitabiri Leba itafutika. Corbyn alitoka na ilani ya kuondoa ada za vyuo vikuu na kurudisha reli, posta na maji mikononi mwa umma. Akapata kura 40 katika kila mia, zaidi ya milioni 12.8, wabunge 262, na Theresa May akapoteza wingi wake Bungeni. Hakushinda, lakini alionyesha kwamba siasa zake si ndoto za barazani. Huo ndio wakati aliopaswa kufanya moja katika mawili: kuwapatanisha mabaharia kwa kuwapa kazi na heshima, ama kuwabadilisha kwa kanuni, majimbo yachague wabunge upya. Hakufanya la kwanza kwa ukamilifu, wala la pili. Mtu aliyejizoeza miaka 32 kusema "la" huwa na dhamiri iliyonyooka, walakini uongozi wataka pia mtu anayejua kuamuru, kuadhibu na kusamehe kwa wakati wake.

Na hapa yataka tuseme neno zito, wala tusilipite kwa kuwa tunampenda mtu. Mayahudi walio wanachama wa Leba walilalamika kwamba wanatukanwa kwa Uyahudi wao, na chama hakiwasikilizi. Wako waliosema hizo ni njama za kumwangusha mtetezi wa Palestina. Oktoba 2020 Tume ya Usawa ya Uingereza ilitoa ripoti yake, ikaona kuwa chama kilivunja sheria katika kuwaudhi na kuwabagua. Corbyn alisema ukubwa wa jambo ulitiwa chumvi na wapinzani wake na magazeti, na siku ile ile akasimamishwa uanachama. Mimi nasema hivi: yawezekana adui akautumia msiba wa mtu kwa faida yake, na msiba ukabaki kuwa msiba wa kweli. Anayelilia haki ya Gaza hana ruhusa ya kuziba masikio jirani yake Myahudi anapolia. Haki ikigawanywa kwa kabila na dini huwa upendeleo, na upendeleo sisi tunaujua ladha yake.

Mwisho wa safari ulikuwa Desemba 2019. Juu ya kutoka Ulaya, Leba ilijaribu kuwaridhisha waliotaka kubaki na waliotaka kutoka, ikawakosa wote. Miji ya zamani ya migodi na viwanda, iliyokuwa ngome yake kwa vizazi, iliwapa kura Wahafidhina. Leba ikabaki na viti 202, uchache usioonekana tangu mwaka 1935. Aprili 2020 Keir Starmer akachaguliwa kiongozi, akiwa na ahadi kumi nyingi zake zikifanana na za Corbyn. Baadaye kadhaa alizitupa. Mwaka 2021 kanuni zikabadilishwa tena: mlango wa wafuasi wasio wanachama ukafungwa, na mgombea akatakiwa kuungwa mkono na mbunge mmoja katika kila watano. Mlango uliomwingiza mgeni ulipigwa komeo, na funguo wakashika mabaharia.

Julai 2024 Starmer alipata viti 411 na uwaziri mkuu, ingawa kura zake, kiasi cha milioni 9.7, zilikuwa chache kuliko alizopata Corbyn mwaka 2017, na hata mwaka 2019. Ndivyo hesabu za majimbo zilivyo. Usiku ule ule, Corbyn, aliyenyimwa tiketi ya Leba, alishinda Islington North akiwa mgombea wa kujitegemea, na wenzake wanne wa kujitegemea wakashinda kwa hasira ya Gaza, mmoja wao Leicester, mji uliowapokea Wahindi wengi waliotoka Kenya na Uganda.

Mwaka 2025 Corbyn na mbunge Zarah Sultana walianzisha chama kipya, na mkutano wake wa kwanza ulifanyika Liverpool mwezi Novemba. Hata kabla tanga halijapandishwa, waanzilishi wenyewe walikuwa wakikhasimiana. Wanachama wakaamua, kwa tofauti ndogo ya kura, kwamba chama kisiwe na kiongozi mmoja, kiongozwe na kamati. Yaonyesha abiria walichoka kumtafuta nahodha, wakaamua kuushika usukani kwa pamoja.

Kama ni busara ama ni kurudi kwenye ile methali ya manahodha wengi, siku zitatwambia. Lakini msomaji wa huku aliyemo katika chama chochote, cha siasa ama cha mazishi, na achukue funzo hili: kabla ya kumchagua mtu, andikeni kwanza chama ni cha nani. Uongozi ni amana, na amana isiyojulikana mwenyewe haina pa kurudishwa.