Kupambana na Vikope si Kazi ya Daktari Peke Yake

Jina la Kongwa liliingia katika historia kwa sababu ya karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi mkubwa wa kilimo, ikamwaga matrekta na mamilioni ya paundi kabla ya kupima barabara mvua na udongo wa nyanda hizo. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Walioamua kwanza na kupima baadaye walivuna hasara.

Kongwa hiyo hiyo imetoa funzo lililo kinyume cha hilo. Tangu miaka ya 1980, Profesa Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, pamoja na wataalamu wa Kitanzania, walichunguza huko ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Vijidudu vyake huenezwa kwa mikono, nguo na nzi. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu. Afikapo utu uzima, kope hupinda kwa ndani na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho mpaka anapofuka. Wanawake ndio huathirika zaidi, kwa kuwa ndio wanaokaa karibu na watoto wadogo.

Uchunguzi huo ulikuwa na sehemu mbili zisizofaa kutenganishwa. Kwanza, watu walihesabiwa na kupimwa vijijini, ili ijulikane nani anaugua na kwa nini. Ikaonekana kwamba uso mchafu na nzi vinaandamana na ugonjwa. Pili, tiba na kinga zilijaribiwa kwa kulinganisha kijiji na kijiji. Katika jaribio lililotangazwa na jarida la Lancet mwaka 1995, watoto wa vijiji sita vya Kongwa walipewa marhamu ya tetrasaikilini. Katika vijiji vitatu kati ya hivyo, wananchi walihamasishwa pia kuwaosha watoto nyuso. Baada ya mwaka mmoja, vikope vikali vilikuwa vichache zaidi katika vijiji hivyo vitatu.

Baadaye ilikuja azithromaisini, dawa ya kumeza mara moja badala ya kupaka marhamu kwa wiki sita. Hata hivyo, mwaka 2011 Profesa West na wenzake walionyesha kwamba, katika vijiji vya Tanzania ambako nusu ya watoto au zaidi wanaugua, kugawa dawa hiyo kila mwaka kungehitaji zaidi ya miaka saba. Dawa ni nzuri, lakini mtoto aliyetibiwa akirudi kwenye vumbi, nzi na uso usiooshwa, huambukizwa tena.

Ndiyo maana mkakati wa Shirika la Afya Duniani una mambo manne: upasuaji, dawa, usafi wa uso na mazingira bora. Mawili ya kwanza ni ya hospitali. Mawili ya mwisho ni ya nani? Ni ya mwalimu, afisa mtendaji wa kijiji, bwana afya na mhandisi wa maji. Hapo ndipo uzembe hujificha, kwa sababu kila mmoja hudhani kwamba macho ni kazi ya Wizara ya Afya.

Wako watakaosema kwamba Dodoma ni nchi kavu. Ni kweli. Mama aliyetembea mwendo mrefu kwa ndoo moja hawezi kulaumiwa akianza na chungu cha ugali. Lakini uso wa mtoto huoshwa kwa maji kidogo sana, na kibuyu chirizi hakigharimu fedha nyingi. Zaidi ya hayo, kisima kinachochimbwa karibu na kijiji nacho ni kinga ya macho, na kipimwe hivyo katika bajeti ya wilaya.

Malawi, jirani yetu, ilithibitishwa mwaka 2022 kuwa imetokomeza vikope kama tatizo la afya ya jamii. Lengo la dunia lilikuwa mwaka 2020. Sasa limesogezwa hadi 2030. Hatuna budi kujiuliza kila mmoja wetu anafanya nini. Mwalimu akague nyuso paredini kama anavyokagua sare. Mtendaji aandike takwimu za kweli, si za kumpendeza mkubwa wake. Na mtafiti arudishe matokeo kijijini, kwa Kiswahili, kwa wananchi walioyatoa macho yao yapimwe.