Kilwa Hatujafa

"Kwani Kilwa kuna nini?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa na wenzangu wa darasa la uzamili kila likizo inapokaribia. Wao wanachangishana nauli ya boti waende Unguja, wakale bata Nungwi. Wakisikia mimi naelekea nyumbani Kilwa wananipa uso wa pole, kana kwamba nimesema nakwenda msibani. Halafu hutokea mmoja mwenye huruma, anayekumbuka historia ya sekondari, akanitetea: "Si kuna yale magofu?"

Huyo mtetezi ananikera kuliko muulizaji. Muulizaji hajui, basi. Mtetezi anajua, na anachokijua ni kwamba kwetu ni makaburini.

Vipeperushi vya utalii vinapenda kutuita mji uliopotea. Umepotea kwa nani? Kilwa Kisiwani kuna shule, kuna kiwanja cha mpira, kuna msikiti unaoswaliwa kila siku, kuna wanawake wanaosuka ukili barazani huku wakimsema mkwe ambaye hayupo. Mtoto wa pale hajapotea hata siku moja. Anajua kwao ni wapi, anajua na bamvua linaingia lini. Ila kwenye picha hayumo. Mpiga picha humwomba asogee kidogo, anaziba ukuta.

Sina ugomvi na mawe. Ndiyo ninayoyasomea. Husuni Kubwa, kasri lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, na bwawa lake la pembe nane, na bahari chini ya genge, hunifanya ninyamaze kila ninapofika, na mimi si mtu wa kunyamaza. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, maana kuta zilikuwa zinabomoka na bahari inakula ufukwe. Mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya ukarabati, yakatolewa humo. Miaka kumi ya hatari, na hatari yote ilikuwa ya kuta. Kijana wa Kisiwani anayevuka kwenda Masoko, akapanda basi la Dar, akaishia kutembeza soksi Mbagala, hatari yake haina orodha. Siku hizi magofu yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Sisemi kwamba haifanyi kazi yake. Nasema tu kwamba ukitaka kujua nchi inakuhesabu nani, tazama umewekwa kabati moja na nani.

Mwaka jana nilikaa nyumbani miezi miwili nikikusanya data za tasnifu yangu. Siku nyingi nilishinda Kisiwani chini ya mti, nikiangalia wageni wanafanya nini. Utaratibu ni uleule. Mgeni analala Masoko, asubuhi anakata kibali, analipa mwongozaji, analipa boti, anavuka. Anapelekwa Gereza, Msikiti Mkuu, Makutani, kisha Husuni. Saa saba mchana, jua likiwa utosini, anakaa kivulini na kufungua boksi la chakula alilofungiwa alikolala: chipsi zilizopoa, paja la kuku wa kisasa, tufaha lililosafiri kutoka Afrika Kusini, maji ya chupa. Hatua mia moja kutoka hapo alipokaa, jikoni kwa mama mmoja, pweza anatokota kwenye tui la nazi. Harufu inamfikia. Nimemwona mgeni, kwa macho yangu, akigeuza shingo kuifuata. Mwongozaji akaangalia saa: maji yanakupwa, tuondoke.

Kesi yangu yote iko ndani ya lile boksi. Mwongozaji kalipwa, nahodha kalipwa, serikali imelipwa. Kijiji kimeachiwa boksi tupu likizungushwa na upepo.

Na asije mtu akaniambia wageni hawajali chakula, wamekuja kwa historia. Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Mogadishu aliorodhesha mlo wake kama mtu anayeandika hati ya deni: wali na samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi, maembe. Alipofika Mombasa akaandika kwamba watu wanakula ndizi na samaki. Kilwa akasifu uzuri wa mji na ukarimu wa sultani wake, yule aliyemvulia fakiri wa Kiyemeni nguo alizovaa baada ya sala ya Ijumaa. Karibu miaka 700 imepita na bado tunajua Mogadishu alikula nini. Kwenye habari zake za Kilwa hamna sahani. Nadhani naye alifungiwa boksi.

Lakini lawama nikiwabebesha wenye kampuni peke yao nitakuwa nadanganya. Sisi wenyewe tunaficha sufuria. Mgeni akibisha hodi kwa shangazi yangu Masoko, mtoto anatumwa dukani mbio: mchele wa Mbeya, soda baridi, na kuku akamatwe. Siku moja alikuja mwanafunzi mwenzangu kutoka Moshi. Jikoni kulikuwa na ming'oko, ile mizizi ya porini inayochimbwa huku kusini, inachemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili. Nikasema mgeni aonje. Shangazi akanivuta kando.

"Mwanangu, mgeni unampa ming'oko? Akirudi kwao atasema tumemlisha mizizi."

"Si ndiyo tunayokula, shangazi?"

"Tunakula sisi. Ming'oko ni ya njaa."

Neno hilo limekaa nami muda mrefu. Vita vya Maji Maji vilianzia kwetu, kwenye vilima vya Matumbi, pale Nandete, watu walipong'oa pamba ya kulazimishwa mnamo Julai 1905. Wajerumani walipoona risasi hazitoshi, walichoma vijiji, ghala na mashamba. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki, na waliokimbilia msituni waliishi kwa kile msitu ulichokuwa nacho. Kwa hiyo shangazi yuko sahihi, ni chakula cha njaa. Mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kukitia kwenye sahani nzuri na kukiweka mbele ya mgeni. Mzizi uliotuvusha tunauonea haya, mchele wa dukani tunauita heshima. Yule wa Moshi, kwa taarifa yenu, alikula ming'oko akaomba na ya kufungiwa.

Na hapo sijagusa kisamvu kilichoungwa kwa tui, wala ugali wa muhogo na ngisi, wala juisi ya mabungo, wala kashata za ufuta. Korosho lazima nizitaje. Wengi wenu mnaijua korosho ikiwa nyeupe, imevuliwa nguo, ndani ya pakiti ya supamaketi. Hamjaona inavyochomwa na ganda lake kwenye kipande cha bati kilichotobolewa: mafuta yake yanashika moto, moshi mweusi unapanda, watoto wanafukuzwa wakae mbali, kisha zinamwagwa mchangani na kupasuliwa moja moja kwa jiwe. Vidole vinabaki vyeusi wiki nzima. Korosho zetu nyingi husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, zikabanguliwe huko. Yaani hata zao tunalojulikana nalo tunaliuza kabla halijawa chakula.

Nije kwenye njia za miguu, maana kuna watu ofisini wanadhani ni kitu cha kutengenezwa kwa mradi, na ufadhili, na uzinduzi wenye tisheti. Njia zipo. Chukua moja tu ndani ya mkoa wetu huu wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, bara ya mji wa Lindi. Walioichimba hasa walikuwa watu wa huku, mamia yao, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilibebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kama nne kila safari. Mnyama mmoja aliyeundwa kwa mifupa ile amesimama leo kwenye jumba la makumbusho la Berlin, Museum für Naturkunde, urefu wake unazidi mita 13, na watu wanakata tiketi kumwona. Kwetu mjadala huwa mmoja: mifupa irudi au isirudi? Mimi nasema irudi. Lakini irudi, isirudi, njia waliyopita wapagazi haijaenda Berlin. Iko hapahapa. Inapita kwenye mikorosho na vijiji. Mtu angeweza kuitembea kwa siku zilezile nne, akalala kijijini, akala kwa mwenye nyumba, akaongozwa na mjukuu wa mpagazi, akalipa kila kituo.

Ndoto za msomi? Katika kusoma kwangu nilikutana na njia ya miguu ya pwani ya Baltiki, inayoanzia Lithuania, ikapita Latvia hadi Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Kuna nini huko? Misonobari, mchanga, ndege, vijiji vya wavuvi, na bahari ambayo ukiingiza mguu unautoa. Mtembeaji analala kwa wenyeji na kulishwa mkate mweusi na samaki waliokaushwa kwa moshi. Samaki, jamani! Kivinje samaki unawanusa kabla hujaiona bahari. Na sheria ya Estonia inaacha ukanda wa ufukweni wazi kwa anayetembea kwa miguu, hata penye ardhi ya mtu. Hawana Husuni Kubwa wala Ibn Battuta. Walichofanya ni kukubali kwamba kijiji chenyewe ni sababu ya kutosha ya kuja.

Najua nitajibiwaje. Barabara. Ni kweli, Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya kusini pale Somanga, tulijiona kisiwa sote, si wa Kisiwani tu. Ikatike mara ngapi ndipo ijengwe ya kudumu, hilo waulizwe wanaohusika. Hoteli. Mtembea kwa miguu hahitaji ghorofa. Anahitaji choo safi, chandarua, na mtu wa kumwambia maji yanajaa saa ngapi.

Kisha kuna wale wanaosema: mnataka Kilwa iwe kama Nungwi? Hapana, na ndiyo maana napiga kelele sasa, kabla uwanja haujapimwa. Zipo fukwe Unguja ambako nimemwona mwenyeji akipita na ndoo yake ya pweza, mlinzi anamuuliza anakwenda wapi. Anakwenda kwao. Utalii wa uzio huanza hivihivi, kwa mgeni kuzoeshwa kwamba kijiji ni cha kupita na chakula ni cha kwenye boksi.

Pingamizi ninalolisikiliza kwa makini ni la mwalimu wangu mmoja: je, hutageuza watu kuwa maonyesho? Badala ya kupiga picha ukuta, watampiga picha bibi anayekuna nazi. Hatari hiyo ipo. Ila mama ntilie wa Kariakoo hajawahi kuwa maonyesho. Anauza, unakula, unalipa, na usipomwamkia vizuri anakunyima supu. Anayegeuzwa sanamu ni yule anayetazamwa bila kulipwa na bila kusemeshwa, na huyo tunaye tayari, ndiye anayeombwa asogee asizibe ukuta.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo mno. Kibali cha kuingia Kisiwani na Songo Mnara kiuzwe pamoja na mlo wa mchana wa kijijini, nyumba kwa nyumba kwa zamu, bei ijulikane, hela ishikwe na mpishi mwenyewe siku hiyohiyo. Waongozaji wajue majina ya samaki kama wanavyojua majina ya masultani. Na boksi lisivuke. Juni 2019 tuliweza kupiga marufuku mifuko ya plastiki nchi nzima, boksi la chipsi ndilo litatushinda?

Nanyi wenzangu wa darasani, mnaopenda haki za wenyeji kwenye makala za semina. Mabasi ya Kilwa yanapatikana Mbagala Rangi Tatu, wahi asubuhi. Ukilala ukaamka Nangurukuru, usishtuke, pale ndipo linapokata kushoto kuelekea Masoko. Chukua chumba cha kawaida. Kesho yake vuka na mashua ya abiria pamoja na watu na magunia yao. Usibebe chakula. Tembea, yaone mawe, yanastahili kuonwa, halafu saa saba mchana fuata harufu mpaka mlangoni. Piga hodi, amkia, uliza bei. Mama atakwambia hakuna chakula cha wageni. Kaa.