Tuache kuwaambia: «Chagua, mupira ao masomo»



Kila asubui, mbele jua halijatoka, kijana mumoja wa miaka 18 anakimbia peke yake ku kiwanja cha udongo mwekundu, hapa Katuba, Lubumbashi. Kisha anaoga, anavaa shati nyeupe, anaenda ku masomo. Mwaka huu anafanya egzamen ya serikali. Juzi aliniuliza: «Yaya, nikiingia chuo kikuu, nitaendelea kucheza wapi?»

Nilikosa jibu, sababu na mimi nilikuwa vile. Nilicheza namba 6. Mu mwaka wa pili wa chuo kikuu, mechi ya ligi ilianguka siku ya mtihani. Niliomba wanisogezee tarehe. Walinijibu: «Hapa haiko Kamalondo. Chagua.» Nilichagua daftari. Leo niko na diploma, kazi sina. Rafiki yangu alichagua mupira. Goti likavunjika, klabu ikamusahau, na diploma hana. Tulipita njia mbili tofauti, leo tunauza yuniti ku kona moja.

Mji huu unajua mupira. Mwaka wa 2010 TP Mazembe ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Lakini klabu moja haiwezi kubeba batoto bote ba Lubumbashi. Ndiyo maana chuo kikuu kinapaswa kuwa mulango wa pili.

Inchi zingine zinafanya vile. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa akaenda Georgetown, Marekani, mwaka wa 1987, na bursi ya masomo. Alitaka kuwa munganga. Pale ndipo alianza kucheza basket ya chuo. Alimaliza na diploma mu 1991, na kisha akajenga hospitali Kinshasa. Basket haiko mupira wa miguu, lakini njia ni ileile: hakuna mutu alimulazimisha kuchagua.

Na wewe mwenye ndoto ya Marekani, sikia muzuri. Ku vyuo vya daraja la kwanza kule, mbele ya kukuruhusu kucheza, wanaangalia masomo yako 16 ya sekondari na wastani wa angalau 2.3 ku 4. Miguu peke haitoshi. Mutu akikuomba feza ya muzazi wako na haulizi hata buletini yako, ujue ni mwizi.

Lakini si wote watasafiri, na si lazima kusafiri. Tunaomba vyuo vyetu vikuu vitu vitatu. Kwanza, mwanafunzi mwenye barua ya klabu apewe tarehe ingine ya mtihani. Pili, kila chuo kikuu kikuwe na kiwanja na shindano la kila mwaka kati ya fakulte. Tatu, anayecheza na anayefaulu apunguziwe minervali.

Hiyo haiombi mamilioni. Tarehe ya mtihani inasogezwa na kalamu tu.

Wewe uko mwanafunzi? Peleka haya maombi matatu ku komite ya wanafunzi wenzako mbele mwaka mupya wa masomo uanze. Andikeni, tieni sahihi, mufuatilie jibu. Yule kijana wa Katuba atafika mu chuo kikuu mwaka kesho. Asikute jibu lenye nilipewa mimi.